Mtindi mzito wa maziwa ya ng'ombe, bila unga wa maziwa

Maziwa ya nyati-maji wanaofugwa India na Pakistani (siyo mbogo wetu wa porini) yana mafuta asilimia 7 hadi 8, na protini inavuka asilimia 4. Ndiyo maana mtindi wake unasimama kwenye kijiko. Ng'ombe wetu wa kufungiwa hapa Moshi, wanaokula majani ya migomba, wanatoa mafuta kama asilimia 3.5 na protini 3.2 hivi. Maziwa yao yamebeba maji mengi zaidi, basi tuyapunguze.

Hatua ya 1. Nunua lita 4 zilizokamuliwa asubuhi hiyo hiyo, uchuje kwa kitambaa safi.

Hatua ya 2. Hapa ndipo kazi ilipo. Chemsha mpaka yafure, kisha punguza moto uyaache yatokote taratibu bila kifuniko hadi zibaki lita 3. Pitisha mwiko chini ya sufuria kila mara, maana yakishika chini, harufu ya kuungua haitoki tena. Lita 3 hizo sasa zina protini kama asilimia 4.3, sawa na za nyati. Mafuta yatafika 4.7 tu, kwa hiyo utando wa juu usiutoe, urudishe ndani. Na tafadhali usiruke kuchemsha kwa kuwa eti maziwa yakiganda yanakuwa salama. Vijidudu vya brusela huishi hata kwenye mtindi, na homa yake inatesa watu wengi kanda hii.

Hatua ya 3. Poza mpaka kidole kidogo kivumilie ukihesabu kumi. Yakiwa ya moto zaidi ya hapo utaua mbegu, yaani bakteria wa mtindi wa jana wanaogandisha maziwa.

Hatua ya 4. Koroga vijiko vikubwa 3 vya mtindi wa jana, funika, zungushia blanketi. Siku za joto saa sita hadi nane zinatosha. Baridi ya Julai, acha usiku kucha. Usitikise chombo.

Bakteria hao wa mbegu hugeuza sehemu ya sukari ya maziwa kuwa asidi, kwa hiyo wengi wanaojaa gesi wakinywa maziwa matupu huuvumilia mtindi. Kalsiamu inabaki yote.

Ukishaganda, weka kwenye friji. Kabla hujamgawia mtu yeyote, chota vijiko 3 vya mbegu ya kesho.