Jinsi ya kupata idadi ya kweli ya wanafunzi katika sekondari ndogo ya kata

Mwalimu wa takwimu, mwezi Machi fomu za sensa ya elimu zitakufikia. Namba utakazojaza ndizo zitakazotumika kupanga fedha za uendeshaji, madawati na walimu. Kwa shule yenye mkondo mmoja au miwili, fanya hivi.

Hatua ya 1. Weka mezani rejista ya uandikishaji, rejista za mahudhurio na orodha ya waliopangiwa Kidato cha Kwanza. Hazitalingana. Kati ya waliopangiwa, wengine wamekwenda shule binafsi, wengine hawajaripoti kabisa. Majina ya hao wasioripoti mpelekee mtendaji wa kata mapema, maana mtoto akishazoea kazi za shamba au biashara, kumrudisha ni vigumu mno.

Hatua ya 2. Linganisha kwa namba ya PREM, yaani namba ya utambulisho ambayo kila mwanafunzi alitoka nayo shule ya msingi. Majina hufanana na huandikwa kwa namna tofauti.

Hatua ya 3. Tenganisha kwa jinsi, umri na ulemavu. Umri uutoe kwenye cheti cha kuzaliwa. Kuhusu ulemavu, waulize walimu wa madarasa: yupo mtoto asiyeona vizuri ubaoni ambaye hajaandikwa popote.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi, na walimu wengi huparuka. Lifuate kundi moja tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Tuseme mwaka 2022 waliingia 60, wasichana 32 na wavulana 28. Mwaka 2025 wamebaki 44, wasichana 20 na wavulana 24. Wamepungua 16, na 12 kati yao ni wasichana. Jumla ya shule nzima isingekuonyesha jambo hilo, kwa sababu kila Januari wapya huziba pengo.

Sasa andika sababu mbele ya kila jina: uhamisho, kukariri Kidato cha Pili baada ya upimaji wa kitaifa, utoro, ujauzito, ugonjwa, kifo. Usiwajumlishe wote kuwa watoro. Aliyehama anasoma kwingine. Anayekariri bado ni wako, yumo kidato cha chini. Ongeza safu ya waliorejea, kwani tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Kama safu hiyo ni tupu na ya ujauzito ina majina, mjulishe mkuu wa shule, familia zifuatwe nyumbani.

Hatua ya 5. Asilimia ziwe za mwisho, na kila moja iambatane na idadi yake. Katika kundi la 20, mwanafunzi mmoja ni asilimia 5. Akihama, grafu inashuka na wakubwa wanadhani shule imeharibika.

Mkuu wa shule akishasaini, nakala moja ibaki shuleni pamoja na orodha ya majina na sababu, ili atakayepokea kazi hii mwakani aendelee na kundi lilelile.