Kutoka Ngong hadi Japani kwa waya wa mita tano

CQ World Wide la sauti, shindano la redio za ridhaa ambapo vituo duniani huitana hewani, hufanyika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, kwa saa 48. Mimi sikeshi. Hupanda Ngong na bendi moja tu, mita 10, inayoamka na jua na kulala nalo.

1. Ruhusa. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na kolsaini yako ya 5Z4, jina la kituo chako hewani, unazo. Langoni eleza mapema ule mlingoti ni wa nini, na uombe askari wa msitu muongozane.

2. Mahali. Kaa mbali na mitambo ya upepo na minara. Usiende kileleni kabisa. Tafuta ukingo wa magharibi, Bonde la Ufa likiwa chini yako. Ardhi ikiteremka ghafla mbele ya antena, mawimbi hutoka yamelala, na hayo ndiyo yafikayo mbali.

3. Antena. Ni dipole, waya uliogawanywa katikati, kebo ya redio ikiungwa hapo. Kupata urefu wake, gawanya 143 kwa megahezi: 143 ÷ 28.5 ni mita 5.02, yaani 2.51 kila upande. Kata ukizidisha sentimita 10, kisha punguza kidogo kidogo ukitazama kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena. Waya mfupi haurefuki. Ufito wa kuvulia samaki wa mita 6 unatosha kuwa mlingoti, ila uwe wa faibaglasi, si kaboni. Tandaza waya kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, ubavu uelekee Ulaya na Marekani. Kaza kamba: ile mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa Ngong bure.

4. Betri. Redio ya wati 100 hunyonya kama ampea 20 unapozungumza. Shusha hadi wati 50. Wa mbali hatahisi.

5. Saa. Hapa ndipo nilipoumia. Logi, orodha ya vituo ulivyowasiliana navyo, huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Saa 1200 UTC ni saa 9 alasiri kwetu, na simu inaonyesha 15:00. Mwaka wangu wa kwanza nilichanganya zote tatu katika daftari moja. Weka kompyuta kwenye UTC kabla hujatoka nyumbani, usiiguse tena.

6. Kuita. Wageni wengi huzunguka bendi wakiwinda. Wewe usiwinde. Kenya ni adimu, wao ndio wanaokutafuta. Shika nafasi tupu kati ya 28.4 na 28.6, ita "CQ Contest", toa 59, ripoti ya usikivu, na kanda yetu ya shindano, 37. Wakikurukia kumi kwa pamoja, nasa herufi mbili tu za kolsaini moja, zirudie, na umalizane na mwenye herufi hizo hata wengine wapige kelele. Asubuhi Japani, mchana Ulaya, kuanzia saa 9 alasiri Marekani. Bara jingine ni pointi 3, nchi nyingine ya Afrika 1. Mkenya mwenzako ni 0, lakini mjibu: anakufungulia nchi na kanda, na hizo ndizo zinazozidisha pointi zako zote.

7. Radi. Oktoba ni vuli. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, chomoa kebo, laza mlingoti, ondoka ukingoni. Acha Wajapani waite.

8. Logi. Itume kwa Cabrillo, muundo wa faili wa logi za mashindano, ndani ya siku 5. Mimi huituma Jumatatu, kabla matope hayajakauka kwenye viatu.