SOMO: Kufunga swichi ya mtandao nyumbani au ofisi ndogo (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, kila wiki lazima mtu aniulize: "Ruta yangu ina matundu manne, vifaa ninavyo nane, nifanyeje?" Jibu ni swichi, kisanduku cha kuongeza matundu ya waya. Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Kwanza tutenganishe kazi. Ruta ndiyo mlango wa kwenda intaneti, na kwa kawaida ndiyo inayogawa anwani za IP (namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao). Swichi haigawi chochote. Yenyewe inajua nani yuko tundu lipi, basi. Kompyuta ikituma fremu (kifurushi cha data), swichi inasoma anwani ya MAC ya mtumaji (namba ya kifaa inayotoka nayo kiwandani) na kuiandika kwenye daftari lake: huyu yuko tundu la 3. Fremu inayomhusu ikija, inapelekwa tundu la 3 peke yake. Mlengwa asipokuwemo daftarini, fremu inamwagwa kwenye matundu yote isipokuwa lile ilikoingilia. Akijibu tu, naye anaandikwa. Habu za zamani, zilizotumika kabla ya swichi, hazikuwa na daftari. Kila neno lilimfikia kila mtu, kama mbiu ya mgambo.

Hatua ya 1. Hesabu vifaa vya waya, ongeza tundu la kwenda kwenye ruta, ongeza mawili ya akiba.

Hatua ya 2. Chukua ya gigabiti (megabiti 1000 kwa sekunde). Za megabiti 100 bado zipo, achana nazo.

Hatua ya 3. Kama una kamera au simu za mezani zinazopata umeme kupitia kebo ya mtandao, chukua yenye PoE, na usome wati za swichi nzima, si za tundu moja. Kiwango cha 802.3af kinatoa hadi wati 15.4 kwa tundu, 802.3at hadi wati 30. Lakini swichi yenye jumla ya wati 60 haitalisha kamera nane za wati 12. Piga hesabu kabla hujalipa.

Hatua ya 4. Kebo ya Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100, inatosha. Iwe shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba inapoteza umeme mwingi zaidi njiani, na kwenye PoE itakusumbua.

Hatua ya 5. Toa kebo kwenye tundu la LAN la ruta, yaani la vifaa vya ndani (si la WAN, la kwenda intaneti), uichomeke kwenye swichi. Kebo MOJA.

Hapa ndipo nilipoaibika. Nilikuwa nanyoosha waya chini ya meza kwenye ofisi moja, nikakuta kebo inaning'inia. Nikajisemea hii imechomoka, nikairudisha kwenye swichi. Kumbe ncha yake ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ileile. Kufumba na kufumbua taa zote zikawa zinapepesa kwa pamoja kama zimepandwa na wazimu. Printa kimya, simu kimya, intaneti hakuna. Nikawasha upya ruta mara tatu. Nikampigia mtoa huduma, nikamfokea bure. Saa mbili baadaye mhasibu akainama akaniuliza kwa upole: "Hii kebo inayotoka hapa na kurudi hapahapa ni ya nini?"

Kilichotokea ni hiki. Kuna fremu zinazotumwa kwa wote, na swichi lazima izimwage kila tundu. Ukiwa na mzunguko, fremu inatoka tundu la 5, inarudi kupitia la 6, inamwagwa tena. Pakiti ya IP ina kihesabu kinachopungua kila inapopita ruta, mwishowe inatupwa. Fremu ya Etheneti haina, kwa hiyo inazunguka mpaka uchomoe waya. Dawa yake, itifaki ya spanning tree (inagundua mzunguko na kuufunga), ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 na imo kwenye swichi zinazopangika, yaani zenye mipangilio unayoweza kubadilisha. Nyingi za bei nafuu hazina.

Kwa hiyo:
- Usichomeke kebo ambayo hujui ncha ya pili iko wapi.
- Usiunganishe swichi mbili kwa kebo mbili ukidhani mwendo utaongezeka.
- Simu ya mezani yenye matundu mawili: moja la swichi, moja la kompyuta. Yote mawili yakienda ukutani umejifunga kitanzi.
- Ukiona taa zote zinapepesa pamoja, chomoa kebo moja moja mpaka zitulie. Ya mwisho uliyochomoa ndiyo mchawi.

Hatua ya 6. Washa. Maana ya rangi za taa hutofautiana, soma kikaratasi cha boksi.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu, nikiweka swichi bando langu litakuwa na spidi zaidi?

Jibu: Hapana. Rudi aya ya pili.

Mdau 1: Mbona jamaa yangu aliweka na spidi ikapanda?

Jibu: Jamaa yako alihama kutoka waifai akaenda kwenye waya. Swichi imesingiziwa sifa.

Mdau 2: Picha vipi mkuu?

Jibu: Matundu yote yanafanana.

Mdau 3: Shukrani kwa somo. Swichi yangu ni gigabiti, kompyuta pia, kebo ni Cat6, lakini kompyuta inaonyesha megabiti 100. Nimebadilisha tundu, hali ni ileile. Nianzie wapi?

Jibu: Swali zuri, na umeshafanya nusu ya kazi. Gigabiti inatumia jozi zote nne za nyaya. Megabiti 100 inatumia mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6. Waya mmoja wa pini 4, 5, 7 au 8 ukikatika, mara nyingi vifaa vinashuka hadi 100 bila kulalamika. Jaribu kebo nyingine fupi. Ikipanda, bana upya vichwa vya ile ya kwanza: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Ncha zote mbili vivyo hivyo.

Mdau 3: Ilikuwa pini ya 7, waya haukufika mwisho wa kichwa. Sasa inasoma 1000!

Mdau 4: Mtoa mada umepotosha. Zipo swichi zinazokubali kebo mbili kati yao na zikafanya kazi pamoja.

Jibu: Zipo, zinazopangika, na lazima upange pande zote mbili kabla ya kuchomeka. Anayejua kulipanga hilo hakuja hapa kujifunza.

Mdau 5: Nina ruta ya zamani, naweza kuifanya swichi?

Jibu: Ndiyo. Ibadilishie anwani ya IP isigongane na ya ruta kuu, zima DHCP (ule ugawaji wa anwani za IP), kisha tumia matundu ya LAN tu.

Mdau 6: Nakazia hapo kwenye DHCP. Mimi sikuizima, nusu ya kompyuta zikawa zinafuata njia ya ruta isiyo na intaneti. Nyongeza: andikeni namba ileile kwenye ncha zote mbili za kila kebo. Mhasibu asingehitajika.

Jibu: 😂 Limenifikia, mkuu.

Mdau 7: Nataka wageni wapate intaneti ila wasizione kompyuta za ofisi.

Jibu: Hapo unahitaji VLAN, yaani kugawa swichi moja iwe mitandao isiyoonana: swichi inayopangika, na ruta inayozielewa pia.

Mdau 7: Nimeshanunua isiyopangika.

Jibu: Usiitupe. Ikae upande wa wageni peke yao, ukiipa tundu moja la ile utakayonunua.