Jinsi ya Kujua Kama Barua Pepe Uliyotuma Imefunguliwa

Barua pepe haina zile tiki mbili za buluu za WhatsApp. Ikishatoka kwako, utajua imefunguliwa pale tu upande wa mpokeaji unapokurudishia habari, ama kwa risiti ya kusomwa ama kwa picha iliyofichwa ndani ya ujumbe.

Risiti huombwa kabla ya kutuma. Kwenye Outlook ya kompyuta, anza ujumbe mpya, ingia "Options", kisha weka tiki kwenye "Request a Read Receipt". Jirani yake kuna "Request a Delivery Receipt", ambayo huwachanganya wengi: hiyo huthibitisha tu kwamba ujumbe umefika kwenye seva ya mpokeaji, hata kama umeishia kwenye folda ya taka. Thunderbird nayo ina "Return Receipt", chini ya "Options" ya dirisha la kuandikia. Kwa Gmail, huduma hii ipo kwenye akaunti za kazini au shuleni pekee, tena msimamizi awe ameiruhusu. Fungua Gmail kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu chini ya ujumbe unaouandika, chagua "Request read receipt". Kama akaunti yako ni ya gmail.com ya kawaida, usihangaike kuitafuta.

Risiti ikija, unaweza kuiamini kwa kiasi kikubwa. Isipokuja, hujajua lolote: huenda mpokeaji aliulizwa akakataa, au programu yake haishughuliki na risiti kabisa. Outlook pia inaweza kukuletea taarifa inayoanza na "Not read", yaani ujumbe umefutwa bila kuwekewa alama ya kusomwa. Mtu anaweza kuwa aliusoma wote kwenye kidirisha cha pembeni kisha akaufuta.

Njia ya picha hutumia programu-jalizi za kivinjari, kama Mailtrack au Streak. Hupachika picha ya pikseli 1 kwa 1 yenye anwani yake ya pekee. Ujumbe ukifunguliwa, picha huombwa kutoka kwenye seva, na seva huandika saa. Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Mpokeaji aliyezuia picha anaweza kusoma kila neno bila wewe kuona kitu. Gmail, tangu 2013, hupitisha picha kwenye seva za Google, kwa hiyo mahali unapoonyeshwa sipo alipo mpokeaji. Apple nao, kuanzia iOS 15 ya 2021, waliweka ulinzi unaopakua picha kimyakimya hata kama ujumbe haujaguswa. Ukiona "imefunguliwa" sekunde chache baada ya kutuma, shuku mashine kwanza: vichujio vya usalama vya ofisi nao hukagua picha na viungo.

Ukituma ujumbe mmoja kwa watu kadhaa, picha moja haitakuambia nani kafungua. Mtumie kila mtu wake. Umoja wa Ulaya una sheria za faragha zinazogusa ufuatiliaji wa aina hii, basi zisome kabla ya kuutumia kibiashara.

Kwa jambo zito, weka hati kama kiungo kinachomtaka mpokeaji aingie kwa akaunti yake, kwa sababu kichujio hakiwezi kuingia kwa niaba yake. Au andika kwenye mstari wa kwanza, si wa mwisho: "Tafadhali nijibu 'nimepata' kabla ya Ijumaa." Siku hiyo ikipita kimya, piga simu.