Sufuria gani ya kubeba mu motoka ukienda kampingi

Kama munatoka Lubumbashi na motoka kwenda kulala pori, tuseme ku maporomoko ya Kiubo ao ya Lofoi, achana na zile sufuria nyepesi kama karatasi. Ile ni ya mutu anayetembea na mguu na vyote mgongoni, weye motoka njo inabeba, kilo mbili za kuongeza hazisumbue mutu.

Miye naangaliaka bukari kwanza, ule ugali wetu. Inataka sufuria nzito, chini yake nene na pana, na maskio mbili za chuma. Ile nyepesi, unga ukianza tu kukaza, sufuria inazunguka juu ya mbabula ya makala pamoja na mwiko, unaishika na kitambaa, makala inaruka, na chini bukari imeshaungua. Kwa bantu wane, litre tano inatosha, usijaze mpaka juu sababu mwiko unataka nafasi. Mbele ya kulipa, iweke pale pale chini kwenye sementi uibonyeze kila upande, ikicheza rudisha.

Zile za aliminyomu wanayeyusha mu vyuma vya zamani ni nguvu na bei haiumize, ila zinaweza kuwa na plombi ndani, ile chuma ya sumu ya mu batri ya motoka, na nyanya ao ndimu njo zinaitoa. Basi mboga ya nyanya pika mu inoksi, chuma isiyoshika kutu, ile nyingine ibaki ya kuchemusha maji ya kuoga.

Kikaango ya tefloni iache nyumba. Makala ukiipepea moto unapanda vibaya, tefloni ikipita digri 260 inaanza kuharibika, na mukono wa plastiki unayeyuka. Chukua cha chuma.

Maharagi yapike nyumba mbele ya safari, kule juu Kundelungu, kwenye Lofoi iko, maji inachemuka ku digri 94 hivi, utangojea mpaka watoto walale njaa. Na mbabula isiingie mu hema, hata baridi ya mwezi wa saba ikizidi, gazi yake inaua.

Kama munapikia kuni, paka sabuni ya kipande inje ya sufuria mbele ya kuiweka ku moto, masizi itatoka na maji tu. Kisha nunua zenye kuingiliana, ndogo ndani ya kubwa, katikati weka kipande cha kitenge, bila ile, kelele yake ku barabara ya vumbi itakutoa akili, na vifuniko simamisha pembeni ya bidon ya maji.