Kupata mwaka kwa mzee asiyeshika tarehe

Kwa mnaokwenda vijijini kukusanya masimulizi ya utafiti wa mwaka wa tatu: usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia wowote ili asikuangushe. Libane tukio lake katikati ya mawili yenye tarehe inayojulikana. "Bibi, huyo mume alipokwenda mkongeni, mlikuwa mmeshahamishiwa kijiji cha ujamaa?" "Vita vya Kagera vilimkuta huko?" Hapo umeshapata kati ya uhamishaji wa 1973–76 na vita vya 1978, na mara nyingi anaongeza mwenyewe: "Hapana, nilikuwa na mimba ya Hamisi." Umri wa Hamisi unamalizia kazi. Watu hukumbuka nini kilitangulia nini, namba za miaka ni mambo ya makaratasi. Nanga nyingine nzuri ni Uhuru 1961 na kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Zanzibar anza na Mapinduzi ya 1964.

Mbinu hii inagoma kwa mambo yaliyojirudia au kuburuza, kama njaa na foleni za sukari. Uhamishaji nao haukufika kila wilaya mwaka mmoja, kwa hiyo uliza kwanza ulifika lini hapo hapo.