Gari jipya limebonyea: namna ya kutengeneza bodi bila kupoteza rangi ya kiwandani

Nguzo ya geti haikuonekana kwenye kamera, na sasa gari ambalo halijatimiza mwaka lina bampa lililopasuka, ubavu wa nyuma uliobonyea na mkwaruzo wenye urefu wa kiganja. Kazi hii si kubwa. Huharibika pale fundi anapoishika kama gari la miaka kumi na tano: anasaga kuanzia mlango hadi taa, anajaza puti (uji mzito wa kuziba mabonde, unaokauka ukawa mgumu), anapiga rangi upande mzima.

Gari jipya lina kitu ambacho gereji haiwezi kukirudisha kikishaondoka, nacho ni rangi ya kiwandani. Rangi hiyo huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140 wakati bodi ikiwa bado tupu, haina viti wala nyaya. Gereji yenye tanuri nzuri huishia kama nyuzi 60, la sivyo itayeyusha vitu. Chini ya rangi kuna tabaka la kuzuia kutu lililopatikana kwa kuzamisha bodi nzima kwenye dawa na kupitisha umeme, hadi pembe za ndani zisizofikika kwa mkono. Kwa hiyo kila hatua ipimwe kwa swali moja: ni eneo dogo kiasi gani tunaloweza kuligusa na kazi ikatoka safi?

Kabla fundi hajashika kifaa

Kama una bima kubwa, toa taarifa kwanza na usiruhusu hata skrubu moja ifunguliwe kabla mkaguzi wa bima hajaliona gari. Piga picha ya mbali inayoonyesha namba za gari, ya karibu yenye rula kando ya mbonyeo, na nyingine ukiwa umechuchumaa ubavuni ili mwanga ulale juu ya bati na mawimbi yaonekane. Halafu piga hesabu: dai dogo linaweza kuwa chini ya kiasi unachotakiwa kuchangia mwenyewe, na bado likakukosesha punguzo la mwaka ujao. Soma pia kitabu cha dhamana, kipengele cha kutu. Dhamana nyingi za kutu zina masharti kuhusu nani anayeruhusiwa kutengeneza bodi na kwa utaratibu gani.

Pima kina cha mkwaruzo

Osha sehemu hiyo kwa shampuu ya gari, kausha. Rangi ya nguzo iliyobaki juu itoe kwa dawa ya kuondoa lami na kitambaa laini. Thina iache, hasa kwenye plastiki. Mara nyingi nusu ya kile ulichodhani ni mkwaruzo huishia kwenye kitambaa.

Sasa lowesha kwa maji. Mkwaruzo unaopotea ukilowa na kurudi ukikauka uko ndani ya klia tu, yaani tabaka la juu kabisa lisilo na rangi. Pitisha ukucha: ukiteleza bila kukwama, kazi hiyo inaisha kwa msasa wa maji na polishi. Anza na namba 2000, malizia na 3000, kisha polishi ya kukata kwa mashine ya mwendo wa chini. Kumbuka klia ya kiwandani ina unene wa kama mikroni 35 hadi 50, pungufu ya unywele wa kichwani. Ukisugua hadi mkwaruzo wote uishe, huenda ukawa umemaliza na klia, na jua litakuonyesha hilo baada ya miezi. Alama hafifu iliyobaki ni bora kuliko klia iliyotoboka. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi klia huwa nyembamba zaidi, kwa hiyo zibandike tepu ya karatasi kabla ya kuwasha mashine.

Ukucha ukikwama na ukaona kijivu au cheupe cha praima, ile rangi ya msingi iliyo chini ya rangi yenyewe, hapo panahitaji rangi. Ukiona chuma kinang'aa, usikiache wazi. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa ya chumvi huleta kutu upesi. Futa mafuta, paka tone la praima ya kuzuia kutu kwa brashi ndogo, halafu ndipo uanze kutafuta fundi.

Mbonyeo ambao rangi haijapasuka

Huu unatakiwa kunyooshwa bila kupaka rangi. Fundi huingiza fimbo ndefu za chuma kwa ndani kupitia tundu la taa au la kioo, akasukuma kidogo kidogo akiangalia mwakisi wa taa yenye mistari. Pasipofikika kwa ndani, hubandika vishikio kwa gundi ya moto na kuvuta. Njia hii inafaa mbonyeo wa mviringo usio na mkunjo mkali. Bati lililokunjika kama karatasi, au mbonyeo uliokaa kwenye ukingo wa mlango, huwa halirudi lote, na fundi mwaminifu atakuambia kabla. Ukipata asilimia tisini ya umbo na rangi ya kiwandani ikabaki, chukua.

Bampa

Fungua bampa zima hata kama ufa ni mdogo. Nyuma yake kuna sponji ya kupokea kishindo na chuma cha kukinga, na plastiki inaweza kurudi umbo lake ikaficha sponji iliyovunjika. Nunua klipu mpya kabisa. Klipu za zamani zikifunguliwa hulegea, na bampa litaacha mwanya chini ya taa.

Kwa ndani ya bampa kumeandikwa aina ya plastiki, mara nyingi PP (polipropilini) pamoja na EPDM (aina ya mpira). Maandishi hayo yana kazi: mchanganyiko huo haushikani vizuri na gundi za kawaida wala rangi za kawaida.

Bampa lililobonyea bila ufa hurudi kwa joto. Pasha kwa bunduki ya hewa moto ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, ukiizungusha bila kusimama, hadi plastiki iwe moto wa kutoshikika lakini rangi haijabadilika. Sukuma kwa ndani kwa mkono wenye glavu, kisha poza kwa kitambaa cha maji. Maji ya moto nayo hufanya kazi kwenye mbonyeo mpana. Ukikazana kusukuma plastiki ikiwa baridi, rangi inapasuka.

Ufa una utaratibu wake. Toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee. Kwa upande wa ndani, chonga mfereji wa umbo la V hadi nusu ya unene, yeyushia wavu mwembamba wa chuma cha pua, halafu chomelea kwa ufito wa plastiki ya PP. Fanya vivyo hivyo kwa nje bila wavu. Sawazisha kwa msasa, malizia na puti laini ya plastiki, ile inayopinda. Puti ya bati ukiiweka kwenye bampa itapasuka siku bampa litakapoguswa na goti.

Juu ya plastiki iliyobaki wazi pulizia dawa ya kushikisha, kisha praima. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo sababu unaona mabampa yanayobanduka rangi vipande vikubwa kwenye sehemu za kuoshea magari zenye mashine za presha.

Kama masikio ya kufungia yamekatika, nunua bampa jingine. Unaweza kupata lililotumika lenye rangi ileile pale Ilala au Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Geuza uangalie ukingo wa ndani: mikwaruzo ya msasa au rangi iliyorushika kwenye plastiki nyeusi inamaanisha nalo limewahi kutengenezwa. Namba ya rangi kuwa ileile haihakikishi litafanana na gari lako, maana jua limelipiga miaka tofauti.

Tahadhari moja kwa magari ya sasa. Mfumo unaoonya kuhusu gari lililo pembeni hutumia rada zilizofichwa nyuma ya pembe za bampa la nyuma. Watengenezaji wengi hukataza puti na uchomeleaji mbele ya rada, kwa sababu unene wa ziada hupotosha mawimbi. Ufa ukiwa hapo, badilisha bampa na uliza kama rada inahitaji kupimwa upya kwa kompyuta. Sensa za kuegesha nazo zikipigwa rangi nene huanza kulia bila sababu.

Bati na puti

Mlango na fenda ya mbele hufunguliwa kwa nati. Ubavu wa nyuma umechomelewa kwenye bodi, na kuukata kwa ajili ya mbonyeo mdogo ni kuharibu gari. Unavutwa ukiwa palepale kwa mashine inayochomelea vipini vidogo vya chuma juu ya bati ili vivutwe. Betri ichomolewe kwanza. Kila kipini huunguza kinga ya kutu kwa upande wa ndani, kwa hiyo kazi ikiisha pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya ubavu. Ukimwona fundi anawasha gesi ili alainishe bati, msimamishe. Vyuma vingi vya bodi za sasa ni vya nguvu ya juu, na joto huvilegeza. Kupiga nyundo mno nako hulitanua bati; utalijua kwa sababu ukilibonyeza linaingia na kutoka kwa mlio wa kopo.

Nyoosha hadi kina kilichobaki kisizidi milimita 2 au 3. Puti inaziba kasoro, haijengi umbo. Ondoa rangi kwa msasa namba 80 pale tu panapohitaji puti, kisha lainisha mpaka wa rangi kwa 180 na 320 hadi kidole kisihisi ngazi.

Hadina, dawa inayochanganywa na puti ili ikauke na kuwa ngumu, ndiyo inayowashinda wengi. Kipimo cha kawaida ni asilimia 2 kwa uzito: gramu 100 za puti kwa gramu 2 za hadina. Tumia mzani mdogo wa jikoni. Ukizidisha ili ikauke haraka, hadina iliyobaki hupanda ndani ya rangi na kuacha doa la njano linalotokea baada ya wiki kadhaa, hasa kwenye rangi nyeupe na fedha. Ukipunguza, puti inabaki laini na msasa unajaa. Kwenye joto la nyuzi 30 una dakika kama tatu tu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo.

Piga msasa mkavu, namba 80, 120, 180, kisha 240, kwa kibao kirefu. Vidole vitachimba mashimo. Usitumie maji. Puti hunyonya maji kama sponji, na hayo maji ndiyo malengelenge utakayoyaona msimu wa joto. Praima ya 2K (ile ya kuchanganywa na hadina) ifuate, mizunguko miwili, kwa uwiano uliochapishwa kwenye kopo. Ikikauka, puliza vumbi jembamba la rangi nyeusi juu yake na upige msasa namba 400 hadi 500: mahali weusi unapobaki ni bonde.

Rangi

Namba ya rangi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango. Kwenye Toyota tafuta herufi C/TR. Namba ya kwanza ni ya bodi. 040 ni nyeupe ya kawaida na inamsamehe mpiga rangi. 070 ni nyeupe ya lulu yenye tabaka tatu, na idadi ya mizunguko ya lile tabaka la lulu hubadilisha kabisa rangi unayoiona. Nyekundu ya Mazda 46V ni ngumu zaidi. Rangi za namna hii usimpe fundi ambaye hana kadi za mfano.

Kadi ya mfano ni kipande cha bati au karatasi ngumu kilichopigwa rangi na klia kwa bunduki ya rangi na presha zilezile zitakazotumika kwenye gari. Kilinganishe na gari juani na kivulini, ukitazama kwa mbele na kwa pembeni. Namba moja ina vivuli kadhaa, kwa hiyo rangi iliyotoka kwenye mashine bila kufananishwa ni bahati nasibu.

Rangi yenyewe huishia taratibu ndani ya kipande cha bodi kinachotengenezwa, au huingia kidogo kwenye mlango ulio kando yake ili jicho lisione mpaka. Klia haiishii katikati: hupigwa hadi ukingo wa kipande chote. Klia iliyofifishwa katikati ya bati ndiyo inayoanza kubanduka kwa mstari baada ya muda juani. Ubavu wa nyuma una shida yake, kwani unaendelea hadi kwenye nguzo ya paa bila kiungo. Hapo klia huishia kwenye sehemu nyembamba kabisa ya nguzo.

Mizunguko miwili hadi mitatu ya rangi, kila mmoja ukisubiri uliotangulia upoteze mng'ao, kisha klia mizunguko miwili. Toa maji kwenye tanki la kompresa asubuhi na tena mchana. Vitundu kama macho ya samaki husababishwa na silikoni, na chanzo kikubwa ni dawa ya kung'arisha matairi, kwa hiyo isitumike kabisa karibu na kazi hii. Hadina ya klia ya 2K ina kemikali ziitwazo aisosayaneti zinazoweza kuleta pumu. Barakoa ya vumbi haizuii. Inatakiwa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, au ya hewa safi ya bomba.

Kulipokea gari

Nenda mchana. Linganisha mianya ya kulia na kushoto kwa unene wa kadi za benki, tazama mpira wa taa na wa kioo kama una rangi iliyorushika, jaribu sensa zote ukiwa na gari limewashwa. Chembe chache za vumbi kwenye klia hupigwa msasa na polishi siku zijazo. Mawimbi ya puti hayatibiki hivyo, yakatae papo hapo. Taa ya nyuma ikiwa ilifunguliwa, mwagia maji kwa mpira dakika kumi kisha inua zulia la buti na ushike sehemu ya tairi la akiba. Usilioshe gari kwa mashine ya presha wiki ya kwanza, wala kulipaka nta kabla ya siku 30, maana klia bado inatoa mvuke wa thina.